Nahodha wa Nafasi ya Nane

Karatasi aliyokabidhiwa Sajini Bernadette Lavallee kituoni Jumamosi ile asubuhi ilikuwa na mistari mitatu tu. Diski ya kompyuta imepotea ukumbi wa Wapolandi. Anayeshukiwa ni baharia wa kambi ya nyambizi. Nyambizi yake inaondoka Jumatatu.

"Diski," alisema peke yake ndani ya gari, akimalizia kahawa. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi hapa Groton alishawahi kutafuta boti, kasuku, meno ya dhahabu na mume wa mtu. Diski, hata siku moja.

Alishuka ngazi za kwenda chini ya ukumbi saa nne na dakika kumi. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi ilimpokea kabla ya binadamu yeyote. Kisha akatokea Emmett Strickland, mwenyekiti wa klabu, mzee wa miaka sabini mwenye kifua kama pipa. Huyu alifyatua torpido za kweli, makombora ya majini, katika Pasifiki wakati wa vita, akastaafu na cheo ambacho mji mzima uliendelea kumwita nacho: Chifu.

"Wametuletea mwanamke," Chifu alisema akimpa mkono.

"Wanaume wametumwa kwenye kazi nyepesi," Lavallee akajibu. "Nionyeshe."

Chumba kilikuwa kirefu, sakafu yake ya vigae vya kahawia vya futi moja kwa moja. Kompyuta sita za zamani zilipangwa juu ya meza za kukunja, nene, rangi ya maziwa yaliyochacha. Ulikuwa mwaka wa 1995 na vijana walishahamia kwenye michezo inayokuja katika diski zinazong'aa kama kioo. Klabu hii haikuhama. Ilicheza mchezo mmoja tu, wa miaka kumi na moja iliyopita, na mchezo huo uliitwa Futi Mia Tatu.

"Unakuwa nahodha wa nyambizi," Chifu alieleza, mikono yake mikubwa ikichora hewani. "Msafara wa meli za mizigo unapita. Manowari zinaulinda. Unapenya, unazamisha, unarudi nyumbani ukiwa hai. Ukifa, umekufa. Mchezo unafuta jina lako kwenye diski, na huna pa kukata rufaa."

"Na diski iliyopotea?"

"Ndiyo hiyo yenyewe. Ya manahodha. Ina nafasi nane. Saba zina majina ya wanachama, ya nane haijawahi kutumika. Msimu wetu unafungwa leo. Saa nane anakuja Lyle Hostetter, aliyeutunga mchezo, anatoka Maryland kwa gari. Anatengeneza toleo jipya, na nahodha bora wa klabu hii ataingizwa humo kwa jina lake. Milele, dada yangu. Watoto wa watoto watacheza, watakuta jina."

"Jina la nani?"

Chifu akakohoa kidogo. "Kwa hesabu za mwezi jana, langu."

Karibu na ukuta alikaa kijana mwembamba, kofia ya kibaharia magotini. Efraín Ocasio, miaka ishirini na mitatu, kazi yake ndani ya nyambizi ilikuwa kusikiliza sauti za chini ya maji na kusema ni nini. Mbele yake alisimama Rocco Santangelo, mwenye duka la kompyuta barabara ya Thames, mtu mfupi mwenye sauti ya mnada.

"Ndiye huyu!" Rocco alisema kabla ya kuulizwa. "Tazama daftari. Alhamisi saa tisa, diski ya manahodha, amechukua Ocasio. Amerudisha? Mahali pa sahihi peupe! Jana saa kumi Chifu anafungua sanduku, diski haipo. Mimi ndiye niliyewapigia simu, nyinyi na kambi."

"Nilisahau kutia sahihi," Ocasio alisema. "Lakini niliirudisha Alhamisi hiyohiyo, saa kumi na nusu. Chifu alikuwa ameenda kwa daktari wa macho. Nilichukua ufunguo wa akiba pale msumarini jikoni, nikafungua sanduku, nikaiweka, nikafunga. Sajini, kamanda wangu amenipa mpaka saa tisa leo. Kesi ya wizi, hata wa kijiko, inanisimamishia kibali cha kazi. Nyambizi inaondoka, mimi nabaki nchi kavu nafagia."

"Ungejua kufagia ingekuwa heri," Rocco akasema.

"Bwana Santangelo," Lavallee alisema, "kaa kwenye kiti kile. Ukisimama tena nitakuandika."

Alianza na sanduku. La mbao, kufuli zima, bawaba hazijaguswa. Ndani diski sitini na mbili, kila moja katika bahasha yake ya karatasi yenye jina.

"Tulishatafuta humo," Chifu alisema. "Mara mbili."

"Mlitafuta bahasha. Mimi natafuta diski."

Akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kuzitoa moja moja, akilinganisha jina la bahasha na jina lililobandikwa kwenye diski. Ilichukua dakika kumi na moja. Rocco alihema. Chifu alikuna kidevu. Kwenye bahasha ya thelathini na nane, iliyoandikwa Mazoezi ya Kupiga Chapa, Lavallee alisita, akaichungulia, kisha akaivuta diski nje kwa ncha za vidole.

Juu yake, kwa mwandiko wa Chifu mwenyewe: MANAHODHA. USIGUSE.

Ocasio aliruka akapiga kofi dari iliyokuwa chini kidogo kuliko alivyokadiria. "Ay, mkono! Lakini sawa tu! Nimepona!"

"Hujapona," Rocco alisema kutoka kitini. "Kwa nini iwe kwenye bahasha isiyo yake? Ameificha. Ameifanyia kitu. Iwasheni muone."

Wakaiwasha. Mashine ilikoroma, ikakwaruza, ikakoroma tena, kama mtu mzima anayeamshwa kazini. Orodha nzima, ambayo klabu huifungua mwisho wa mwezi tu, ikatokea, herufi za kijani. Chifu aliinama hadi pua ikakaribia kioo.

Nafasi ya kwanza, Strickland: doria thelathini na moja, tani mia moja themanini na nane elfu za meli alizozamisha. Zikafuata sita za wengine. Na nafasi ya nane, ile ambayo haijawahi kutumika, ilikuwa na mtu. Mahali pa jina palikuwa patupu. Doria kumi na mbili. Tani mia mbili kumi na nne elfu.

Jikoni chombo kiligongwa ukingoni mwa sufuria mara tatu.

"Kumi na mbili," Chifu akasema taratibu. "Mimi nimetumia thelathini na moja."

"Kaghushi!" Rocco alishangilia kama aliyeshinda bahati nasibu. "Ameingia kwenye diski kwa programu, akaandika namba anazotaka!"

"Kama ningeghushi," Ocasio alisema akijipulizia mkono, "ningeacha kuandika jina langu? Mimi mjinga kiasi gani?"

Lavallee hakuwasikiliza. Alikuwa ameinama chini ya meza. Alipoinuka alikuwa na kitu kidogo cheusi kwenye kiganja, kipande cha plastiki cha mraba, kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

"Hiki nini?"

"Hicho ni kipande cha ukingo wa diski," Chifu alisema. "Kuna kibanio maalumu. Unatoboa ukingo wa diski tupu ili upande wake wa pili nao ukubali kuandikwa. Watu hufanya hivyo wakitaka kunakili vitu vingi kwa diski chache."

"Hapa panafagiliwa lini?"

"Alhamisi saa sita mchana, na kupigwa deki. Kila wiki. Winnie wa jikoni hana mchezo na sakafu."

"Kwa hiyo kimeanguka baada ya Alhamisi mchana. Nani ana kibanio hicho?"

Macho yote yakahamia kwenye kiti cha Rocco. Rocco alikuwa anatazama dari.

"Bwana Santangelo, mara ya mwisho ulikuja hapa lini?"

"Jumamosi iliyopita. Kama kawaida."

"Kibanio kiko wapi?"

"Dukani."

"Basi twende dukani. Tukifika nakitazama, halafu nakurudisha hapa na swali lilelile. Tunaweza kuruka safari."

Rocco alitazama mlango, akatazama Chifu, akalegea. Akaingiza mkono mfuko wa koti na kuweka kibanio mezani. Kilikuwa na umbo la koleo dogo.

"Alhamisi saa kumi na mbili jioni," alisema. "Chifu alikuwa juu anafunga madirisha. Nilinakili Futi Mia Tatu. Nakala nne. Sikuuza! Emmett, nisikilize. Diski ya mchezo ule inakufa. Sumaku inapungua, mwezi jana imegoma mara mbili. Siku ikikata roho tutacheza nini, karata? Lakini mwenye mchezo ndiye anakuja leo. Mtu ametunga, ameweka na ulinzi usinakiliwe, halafu anaingia anaambiwa Rocco kauvunja. Ningeficha wapi uso?"

"Ndiyo maana ukapiga kelele ya mwizi," Lavallee alisema.

"Nilitaka watu watazame kwingine kidogo."

"Ulipofungua sanduku Alhamisi saa kumi na mbili, diski ya manahodha ilikuwamo?"

Rocco aligeuza kibanio mezani.

"Ilikuwamo?"

"Ilikuwamo," Rocco alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, ndogo kabisa. "Ndani ya bahasha yake."

Ocasio alisimama. "Ulijua! Tangu jana ulijua nimeirudisha!"

"Nilijua. Nisamehe, kijana. Sikudhani kambi wangelichukulia hivi. Naapa."

Lavallee aliandika saa. Ukumbi ulifungwa saa moja Alhamisi jioni. Kitabu cha lango la kambi, alipozungumza kwa simu ya ukutani kwa dakika tano na afisa wa zamu, kilionyesha Ocasio ameingia saa kumi na moja jioni hiyohiyo na hakutoka hadi jana saa kumi alasiri, wakati Chifu ameshafungua sanduku. Aliyeihamisha diski alifanya hivyo Ijumaa, mchana kweupe, na hakuwa Ocasio.

Alipokata simu Ocasio alikuwa amemkaribia. "Wameridhika?"

"Nusu. Kamanda wako anataka jina. Anasema sanduku limefunguliwa kwa ufunguo, na wewe ndiye uliyeushika ufunguo. Chifu, mchezo huu unaweka kumbukumbu ya kila doria?"

"Kila torpido."

"Zichapishe zote za nafasi ya nane."

Printa ilipiga kelele kwa robo saa nzima, karatasi ikimwagika sakafuni kama utepe. Lavallee hakuielewa hata mistari miwili. Aliwaketisha Chifu na Ocasio upande mmoja wa meza.

"Sitaki kujua kama ni mzuri. Nataka kujua ni mtu wa namna gani. Mngekuwa mnasoma barua yake, mngesema nini?"

Chifu alisoma akisogeza mdomo. Nyusi zake nyeupe zilianza kupanda.

"Huyu mwendawazimu," alisema. "Sisi tulifundishwa kuvizia ubavuni, mbali, unafyatua, unazama chini kabisa, unatoroka. Yeye anakuja kwa nyuma. Anampita mlinzi wa mkiani, anaibuka katikati ya msafara. Katikati! Kama mtu anayeingia harusini bila kadi. Anafyatua karibu kabisa. Torpido arobaini na saba, zilizokosa ni sita."

"Halafu hakimbii," Ocasio akadakia, kidole kikifuata namba. "Tazama hapa. Manowari zote zinakwenda nje kumtafuta, kwa sababu nyambizi hukimbilia nje. Yeye anabaki chini ya meli zilezile, anatembea nazo polepole. Anajua manowari itafanya nini kabla haijafanya. Hapa amegeuka dakika moja kabla mlinzi hajageuka!"

"Mmeona namba za kughushi zikifanya hivyo?"

"Hizi si za kughushi, Sajini. Mtu amekaa akacheza." Ocasio aliinua uso. "Lakini huyu si mtu wa nyambizi. Sisi wa chini tunasikiliza wa juu. Huyu anafikiri kama wa juu. Kama aliyekuwa akiwinda."

"Hapa klabuni nani amewahi kutumikia manowari?"

"Hakuna," Chifu alisema. "Masharti yetu ni mtu awe ametumikia nyambizi. Isipokuwa Rocco, tulimhurumia kwa sababu ya mashine."

Lavallee aliinuka kunyoosha mgongo. Alitembea hadi mwisho wa chumba, ambako hapakuwa na meza, akasimama karibu na mlango wa stoo ya jikoni. Kisha akapiga goti moja, akalaza shavu karibu na sakafu kama mtu anayetafuta hereni.

Kwenye vigae vya kahawia palikuwa na alama za chaki. Zilifagiliwa lakini hazikupigwa deki. Mistari myeupe tisa, sambamba, kila mmoja ukikatiza kigae baada ya kigae. Kuizunguka, misalaba midogo. Na mstari wa kumi, uliopinda ukatoka nyuma na kuingia katikati ya ile myeupe, ulikuwa wa rangi ya kijani iliyofifia, hauonekani ukiwa umesimama.

Alilamba kidole, akagusa, akatazama kijani kwenye ncha. Kisha akasukuma mlango wa jikoni.

Winifred Kuzmicki, miaka sabini na moja, mjane wa Stan Kuzmicki wa gati la kumi, alikuwa akikata duara za unga kwa glasi. Maandazi ya Kipolandi yaitwayo pierogi yalijaa trei mbili. Alikuja Groton mwaka wa arobaini na sita, bibi harusi wa kutoka Liverpool, na ingawa alijifunza mapishi ya mama mkwe hadi Wapolandi wakamsahau asili, ulimi wake ulibaki ng'ambo.

"Ukija kuonja, nawa mikono," alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kuuliza, mama. Chaki ya kijani inauzwa wapi hapa mjini?"

Glasi ilisimama juu ya unga. Halafu ikaendelea.

"Duka la vitu vya shule, nadhani."

"Unga wa pierogi unapumzika muda gani kabla ya kukatwa?"

"Saa nzima, ukitaka ulainike. Nusu saa ukiwa mvivu."

"Na wewe si mvivu. Unaingia saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, siku tatu kwa wiki."

"Siku za kazi Chifu haingii kabla ya alasiri. Ufunguo wa akiba uko msumarini hapo. Jana asubuhi kulitokea nini, mama, hadi ukakosea bahasha?"

Bibi Kuzmicki alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Alipogeuka alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtoto aliyekutwa juu ya kiti karibu na kabati la sukari.

"Maziwa yalifurika jikoni. Nikasikia yanaungua, nikaichomeka kwenye bahasha ya kwanza niliyoiona. Kwani wamegundua?"

"Wamegundua. Na anayelaumiwa ni kijana."

Tabasamu likatoweka. "Kijana gani?"

"Ocasio. Asipopatikana mwenye nafasi ya nane kabla ya saa tisa, hasafiri Jumatatu."

"Efraín? Yule anayenibebea magunia ya viazi?" Alivua aproni kichwani kwa nguvu hadi kipini cha nywele kikaanguka. "Na hakuna aliyekuja kuniambia! Huku jikoni haziletwi habari, huletwa sahani chafu tu! Tangu jana wanabweka huko, mimi nadhani ni mambo yao ya kawaida!"

Akampita Sajini mlangoni kama upepo, akaenda kusimama mbele ya meza.

"Mwacheni kijana wa watu," alisema. "Nafasi ya nane ni mimi."

Rocco alicheka. Alicheka peke yake.

"Winnie," Chifu alisema kwa upole, "huhitaji kumfichia. Tumeshajua si yeye."

"Nimfichie nini? Nilikuomba uanachama miaka mitatu iliyopita, Emmett Strickland. Umesahau ulichosema? Ulisema, ukicheza wewe nani atapika? Ukacheka, tena mdomo umejaa pierogi zangu."

Chifu alijifuta mdomo, ingawa safari hii ulikuwa mtupu.

"Mama," Lavallee alisema, "umejifunzia wapi?"

Bibi Kuzmicki aliangalia ile sakafu ya vigae.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Wanamaji wa Uingereza walitukusanya wasichana, wakatuweka kwenye chumba cha juu, Liverpool. Sakafu yote imechorwa miraba. Hiyo ndiyo bahari. Tulisogeza meli kwa chaki, nyeupe za msafara, kijani za nyambizi za Wajerumani. Manahodha wa manowari walikuja kwetu kabla ya kwenda baharini, wakasimama nyuma ya pazia lenye kitundu ili waone kidogo tu, kama wangeona baharini. Kijani huwezi kuiona kutoka pale. Sisi ndio tulikuwa nyambizi. Tukawazamisha. Wanaume wazima, wenye ndevu na nishani, tukawazamisha hadi wakajifunza. Kisha wakaenda wakazamisha wao." Alivuta pumzi. "Tuliapishwa tusiseme. Stan amekufa akijua nilikuwa napiga chapa."

"Na nilipokuwa nachungulia mabegani mwa hawa," aliendelea, kidole kikielekea kwa Chifu, "nikipita na sahani, miaka yote, wanafanya kosa lilelile la kukimbilia nje! Mkono ulikuwa unaniwasha. Mwanzoni mwa mwezi huu nikasema, potelea mbali, unga umelala, nami nakaa tu."

"Maneno matamu," Rocco alisema, ingawa si kwa sauti ya mnada. "Kamanda wa kambi atayaamini?"

"Sogea hapo," Bibi Kuzmicki akasema.

Akakaa. Alivuta kibodi karibu, akairekebisha kama anayenyoosha kitambaa cha meza. Wanachama walikuwa wameanza kuingia, na waliokuta hali ile walisimama na makoti yao mgongoni. Doria ya kumi na tatu ikaanza. Msafara wa meli kumi na moja, walinzi wanne. Akasubiri. Akaacha meli zote zipite, Chifu akiguna kwa uchungu kila moja ilipopita, kisha akaja nyuma ya msafara polepole, mashine zikiwa zimezimwa nusu.

"Futi sitini," alinong'ona. "Huyu wa mkiani atageuka kulia sasa hivi. Anajisikia yuko peke yake."

Manowari ikageuka kulia.

"Mama yangu!" Ocasio akasema.

Ya kwanza ilizama saa nane kasoro dakika tano, ya pili na ya tatu pamoja. Ukumbi ulikuwa unapiga meza. Manowari zilipokwenda nje kutafuta, Bibi Kuzmicki alikuwa chini ya meli ya mafuta, anatembea nayo, mkono mmoja umeshika kidevu. Mlango ulifunguka, akaingia mtu mrefu mwenye miwani na koti la mvua, hakuna aliyemtazama. Alisimama nyuma, akanyoosha shingo. Ya nne ilipopasuka mtu yule alipiga kelele kuliko wote.

"Haiwezekani!" alisema. "Mimi ndiye niliyewaandikia walinzi hao wageuke vile! Nimewasoma kwenye kumbukumbu za vita! Miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kuwaotea!"

Hivyo ndivyo walivyojua kwamba Lyle Hostetter amefika.

Lavallee alikwenda kwenye simu. Kamanda alitaka kujua ushahidi ni wa namna gani. "Subiri," Sajini alisema, akanyoosha mkono wa simu kuelekea chumbani kwa muda wa kutosha. Alipoirudisha sikioni kamanda alikuwa anauliza kama kuna nafasi ya kuegesha gari. Ocasio angesafiri.

Rocco alikiri mwenyewe, kabla hajaulizwa, akiwa ameshika nakala nne kama mtu aliyeshika samaki waliooza. Hostetter alizitazama, akaomba apewe moja. Ya kwake ya asili, alisema, ilikufa mwaka wa tisini.

Chifu alisubiri hadi nyambizi ya nafasi ya nane ilipotia nanga salama nyumbani. Kisha akasimama wima mbele ya kiti cha Bibi Kuzmicki, visigino pamoja, kama alivyosimama mara ya mwisho mbele ya amiri.

"Winnie. Nilikuwa mpumbavu."

"Ulikuwa."

"Uanachama ni wako kuanzia leo. Na jikoni nitaingia mimi."

"Utaungua. Lakini ingia."

Hostetter alivuta kiti, akatoa kalamu. "Mama, nahitaji jina kamili. Linaingia kwenye toleo jipya. Kuzmicki naandika na k ngapi?"

Bibi Kuzmicki alifikiri. Kelele zilishuka zenyewe.

"Tulikuwa sita zamu yetu," alisema. "Wamebaki wawili hai, na mmoja hanikumbuki tena. Nafasi ni ya mtu mmoja tu?"

"Nafasi ninazitengeneza mimi," Hostetter alisema. "Taja."

"Jean Pargeter," alianza, akahesabu kwa kidole chenye unga. "Huyo alikuwa akizamisha amiri anamwambia pole. Dilys Morgan. Nancy Whelan, mguu mmoja mfupi, hakuna aliyemshinda kupiga magoti kwenye miraba. Mabel Tuck. Olive Sutcliffe." Aliyataja polepole, kila moja kwa uso wa mtu anayemwona mgeni mlangoni, na Hostetter akayaandika yote, na nyuma yake wazee waliowahi kulala juu ya torpido wakavua kofia mmoja baada ya mwingine.

"Na wewe, mama?" Ocasio akauliza.

"Winifred Birtles," alisema, jina lake la kabla ya Stan. "Niweke mwisho. Ndimi niliyekuwa mdogo wao."